Zamu ni Yako, Delphine

Aprili 19. Theluji imebaki mitaroni tu.

Umefika, ee? Vua viatu, usinikanyagie sakafu, halafu kaa hapo nikuseme. Beri zimeiva mara ngapi bila kukuona? Hata mbwa aliyekuwa akikujua amekufa. Huyu wa sasa atakubwekea, na sitamkataza. Mdogo wangu wa tumbo moja, uko hapo Edmonton, mwendo wa siku moja kwa gari, nami habari zako nazipata kwa wanawake ninaocheza nao bingo! Nasema ni aibu, tena naiandika kwa herufi kubwa: AIBU.

Ndiyo, ni mkono wangu huo. Mjukuu wangu Noella amenifundisha herufi majira yote ya baridi, hapa hapa mezani. Wewe mwenyewe unajua tulivyokuwa: tulizaliwa kwenye vibanda vya kando ya barabara, baba hakuwa na shamba la kulipia kodi, na shule ikasema mtoto wa asiyelipa kodi hana dawati. Wewe ulikuja kusoma ukubwani, ulipoolewa mjini. Mimi nilisoma kuchuna sungura. Sasa nina kalamu nene nyeusi na daftari, na yote nitakayoandika utayasoma ukiwa kwenye kiti hicho. Sitakutumia kwa posta. Anayetaka kusoma aje.

Sikiliza nilichoamua. Mwaka huu tunakwenda Vilima vya Kwato, kule tulikozaliwa, mimi na wewe. Sababu nakuambia hapa kwa kuwa ukisoma utakuwa umeshafika: macho yangu yanafungwa. Daktari anasema katikati ndipo panapokufa kwanza, pembeni patabaki. Tayari nikimtazama mtu usoni naona masikio tu. Kwa watu wengine ni nafuu. Shemeji Alphonse, kwa mfano. Ila vile vilima nataka nivione pamoja nawe kabla doa halijavimeza. Na kwa simu sikuambii ng'o. Ukija kwa huruma sikutaki. Njoo kwa sababu ni zamu yako.

Aprili 20. Upepo.

Aprili 21. Upepo. Alphonse kaja kula.

Aprili 26. Bata bukini wamerudi kutoka kusini, wanapiga kelele kama ukoo wetu.

Alphonse kaja kula. Tangu kaka yake, marehemu mume wangu, atangulie, huyu mzee anaingia kwa mlango wa nyuma kila siku, anavuta kiti, anauliza kuna nini sufuriani. Nilimweleza habari ya safari, maana pikapu ni yake.

"Basi mpigie simu Delphine umwambie aje," akasema.

"Kupiga simu kabla ya kutembelewa? Ni sawa na kumwambia mtu ajiandae, huenda hana chakula. Mama atafufuka anichape."

"Kama ni hivyo nenda wewe."

"Si zamu yangu. Mara ya mwisho nilikwenda mimi."

"Lini?"

"Alipozikwa mjomba Norbert. Nililala kwa Delphine."

Akacheka mpaka mkate wa galeti ukamtoka mdomoni. "Ulikwenda kuzika, shemeji! Tangu lini msiba ukawa matembezi?"

"Nilikula kwake, nikalala kwake, nikamsema kuhusu mapazia yake. Hayo ni matembezi."

"Hayo ni msiba wenye mapazia," akasema, akajiongezea supu.

 Nimemnyima siagi.

Mei 9. Joto la kudanganya.

Noella kaja na ramani ndani ya simu. Ukiweka vidole viwili vilima vinakua, ukivibana vinapungua. Nikamwambia babu yake angekuwa na kitu kama hiki asingekuwa na kisingizio kila akirudi kutoka baa. Kisha akapiga simu ofisi ya hifadhi, kwa maana siku hizi Vilima vya Kwato vina ofisi. Nikamsikia kijana upande wa pili akisema bibi itabidi aombe nafasi mapema, majira ya joto hujaa.

Nikamnyang'anya Noella simu. "Mwanangu, mimi nilizaliwa hapo bila kuomba nafasi. Mama alijifungua kwenye vichaka vya waridi mwitu na mkunga alikuwa na kiko mdomoni."

Akauliza, "Mtakuja na hema, bibi, au mtalala garini?"

Nimempenda, ana adabu. Ila aliharibu mwishoni. Akaniambia mvua ikinyesha tusiingie na gari, udongo wa kule ni mbaya. Anifundishe mimi udongo! Nimekula udongo ule kabla baba yake hajaota meno.

Mei 27. Leo naandika ndefu, mikono bado inanuka tope.

Nilisema twende tukaijaribu njia, mimi na Alphonse, ili siku yako ukija tusihangaike. Kulikuwa na wingu moja tu, dogo kama kofia yake. Alphonse akalitazama. "Shemeji, hilo wingu lina nia."

"Endesha. Wewe hata kivuli chako kina nia."

Tulipita lango, tukapita ule mji wa vijinyama vya mashimoni, wale wanaosimama wima kama askari wa lindo, wakatupigia kelele. Nyasi zilikuwa kijani mpaka mbinguni. Nikaanza kuimba. Ndipo wingu likafika.

Unajua gumbo, ule udongo wa kule, Delphine. Ikiwa kavu ni barabara, ikilowa ni gundi. Dakika chache tu magurudumu yakanenepa kama mikate, pikapu ikageuka kutazama tulikotoka, ikaketi. Alphonse akashuka kusukuma, akaacha kiatu kimoja chini. Akarudi kukitafuta, akaacha cha pili.

"Panda ndani," nikamwambia, "usije ukaacha na miguu."

Tukakaa. Mvua ikapita, jua likatoka, tope likabaki. Ndipo nyati akaja. Dume, mkubwa kama kanisa, manyoya ya baridi yakimning'inia vipande vipande, anawashwa mwili mzima. Katika nyika nzima isiyo na mti, alichokiona cha kujikunia ni pikapu ya Alphonse. Akaegemea mlango wangu. Gari likalala upande, likarudi, likalala.

"Mfukuze," akanong'ona Alphonse.

"Mfukuze wewe, ni gari lako."

"Sina viatu!"

Yule mnyama akajikuna ubavu, akageuka akajikuna wa pili, akafunga macho kwa raha. Alipomaliza akaondoka na taa ya nyuma imebanwa kwenye manyoya. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Alphonse hakucheka, alikuwa akiiaga taa yake.

Aliyetuvuta ni kijana yule yule wa simu, kwa trekta. Hakusema neno la mvua hata moja. Nilimpa galeti yote niliyokuwa nayo, na ilikuwa yako.

Juni 3. Alphonse kanunua viatu. Anataka nimhurumie.

Juni 15. Vumbi barabarani. Si wewe. Ni posta.

Julai 2. Jua kali, upepo wa kusini.

Nilimpikia Alphonse chai. Akanywa kikombe kizima taratibu, akaomba cha pili. Nikamtilia, nikajitilia na mimi, nikapiga funda moja nikatema mpaka ukutani. Chumvi! Nilikuwa nimeweka chumvi badala ya sukari, vijiko vitatu.

"Mbona hukusema, wewe mzee?"

"Nilidhani ndivyo unavyonipenda siku hizi."

 Nikatazama dirisha ili nimwone yeye kwa pembeni. Akainuka, akafungua droo ninamoweka ile mipira ya kufungia mboga, akavalisha kopo la sukari mipira miwili na la chumvi mmoja. Akayarudisha mahali pake. "Papasa tu," akasema. Akala akaenda zake, na wala hakumwambia mtu. Miaka yote hii nilidhani huyu mtu huja kwangu kwa ajili ya supu.

Naandika hivi usije ukamwonyesha. Atavimba kichwa.

Julai 16. Beri zimeiva. Nimechuma kwa vidole, sihitaji macho. Chupa tatu ni zako.

Julai 17. Beri. Vumbi barabarani. Si wewe.

Julai 18. Si wewe.

Julai 24. Ndege wamezimaliza beri. Chupa zako zimebaki mbili. Nilikasirika nikala moja.

Agosti 6. Nyasi zimekuwa rangi ya simba. Nilikuwa bingo. Mama Trottier katoka Edmonton, akaniinamia sikioni.

"Nilimwona mdogo wako. Nikamwuliza kwa nini haendi kwenu. Akasema, 'Ni zamu ya Clemence. Mara ya mwisho alikuja mazishini, na mazishi si matembezi.'"

Sikusikia namba zozote tena usiku ule. Jirani yangu akaniambia nilikuwa nimeshinda, sikupiga kelele. Kuku wa barafu, ndiye zawadi, akachukuliwa na mtu mwingine. Delphine, una deni la kuku.

Nimemweleza Alphonse. Ameitikia kwa kichwa, polepole, kwa kuridhika kote. Nimemnyima supu. Kala mkate mkavu huku anatabasamu.

Agosti 19. Kumekucha na baridi kidogo, ya kwanza.

Noella alinipeleka kwa daktari wa macho. Doa limekua. Nilimwuliza daktari waziwazi: majira ya joto yajayo, mlima nitauona? Akasema, "Pengine ukingo wake." Ni mtu mwema, hakuniongopea, nimemwombea.

Njia nzima Noella alikuwa akivuta kamasi huku anaendesha. "Bibi, mpigie simu bibi Delphine. Mwambie. Atakuja kesho."

"Atakuja kumwona kipofu. Mimi nataka aje kumwona Clemence."

"Na kama hatakuja kabisa?"

Huyo mtoto nilimfundisha mwenyewe kusema kweli, sasa ananirudishia.

Nimekaa barazani nikifikiri tangu alasiri. Mvua za Septemba zikianza, njia imefungwa. Baada ya mvua ni theluji. Basi iwe zamu ya nani! Anayehesabu zamu ahesabu, mimi nakwenda. Sikupigii simu. Nitaingia kwako bila hodi, nitakukuta umevaa gauni la kulalia, nitakuambia, "Vaa, tunakwenda Vilima vya Kwato." Na ukisema neno moja la mapazia, nitalala sakafuni kwako mpaka Krismasi.

Agosti 27. Naandika nikiwa jikoni kwako. Wewe hupo.

Nianze mwanzo. Tuliondoka alfajiri, mimi, Alphonse na zile chupa mbili za beri. Njiani mtu wa huku hainui mkono kusalimu, anainua kidole kimoja kwenye usukani, na Alphonse aliinua kidole kwa kila gari mpaka nikamwambia kitafika Edmonton kimevunjika. Katikati ya safari tukasimama kuweka mafuta. Alphonse alikuwa akila andazi la yai.

"Shemeji, kuna bibi kwenye gari lile ananipungia mkono."

"Mwonee huruma, hajakuona vizuri."

"Ananipungia kwa nguvu! Sasa anatikisa kitambaa!"

Nikageuza uso. Niliona kofia na pembeni yake jua. Nikageuka tena. Alphonse akainua kidole chake kwa heshima, akajipangusa yai kwenye sharubu, na kwa saa nzima akaendesha ameketi wima kama bwana harusi.

Kwako nikapanda lifti, nikapapasa milango, nikagonga. Ukafunguka mlango wa pili, akatoka jirani yako, Halyna, yule Myukreni. Nikamwambia mimi ni Clemence. Akanishika mashavu.

"Clemence! Ah! Ameondoka leo asubuhi! Mwanangu alikuwa anakwenda Regina kuchukua trekta, Delphine akasema, nipeleke kwa dada yangu. Mfuko wake umekaa mlangoni tangu mwaka juzi. Kila kiangazi anaufungasha, anangoja uje umchukue, theluji ikianguka anautoa nguo. Mwaka huu akasema basi, dada yangu ni kichwa ngumu, ataniacha nife na mfuko mlangoni."

Nikakaa pale pale mlangoni kwako, juu ya zulia lako baya. Alphonse akaketi nami. Halyna akatuletea majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama, akatulisha kama watoto.

Ndipo simu yako ikalia ndani. Halyna ana ufunguo, ndiye anayemwagilia maua yako, akadhani unamtafuta yeye. Nikainua.

"Nani huyo?" ilikuwa sauti yako.

"Ni mimi. Nani huyo?"

"Clemence? Unafanya nini nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kukutembelea. Wewe unafanya nini kwangu?"

"Nimekuja kukutembelea! Na ulinipita, mwanamke wewe! Nilikupungia pale kwenye mafuta mpaka kitambaa kikapeperuka. Ukanitazama usoni, usoni kabisa, halafu ukageuka! Nikamwambia yule kijana, endesha, huyo bado kanuna, nitamngoja nyumbani kwake nimseme mpaka akome."

 Alphonse, aliyekuwa ameegemeza sikio lake kwenye simu, alijiinamia taratibu akitazama andazi lake la pili.

Ukaendelea kunifokea. Nikasikia kabati langu likifunguliwa, maji yakimwagwa birikani. Kisha nikasikia makopo yakigongana.

"Dada."

"Nini?"

"Kopo la sukari lina mipira miwili. La chumvi lina mmoja. Na hapa mlangoni kuna kamba ya kushika mpaka kwenye kuni."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi iliyopita."

Nilikuwa nimeapa ukilia nitakata simu. Hukulia. Ulipenga kamasi kwa sauti ya bata bukini, ukasema, "Njoo nyumbani. Safari hii mimi nitakaa hapa hapa, wewe ndiye utakayesogea. Na mwambie Alphonse sikuwa nampungia yeye."

Alisikia. Hakula lile andazi.

Mapazia yako ni yale yale.

Agosti 29. Nimefika. Uko kwangu. Mbwa hakukubwekea hata kidogo, msaliti.

Septemba 2. Mvua.

Septemba 3. Mvua. Tumecheza karata. Unaiba.

Septemba 5. Mvua. Noella kapiga simu hifadhini, kijana kasema njia ni gundi. Nikasema namwamini.

Septemba 8. Mvua. Umepanga upya kabati langu. Nimekuambia ukigusa yale makopo mawili nitakufukuza mvuani. Ukasema hujayagusa. Nimepapasa. Kweli hujayagusa.

Septemba 11. Mvua yenye theluji ndani yake. Nikaongeza kuni. Nawe ukavuta pazia. Alphonse akaleta fidla akatupigia mpaka uzi ukakatika, na alicheza kwa mguu mmoja kwa kuwa viatu vipya vinambana.

Septemba 13. Upepo! Wa magharibi, mkavu, unapuliza kama mtu anayepoza uji. Puliza, mwanangu, puliza.

Septemba 16. Tulikwenda.

Njia ilikuwa ngumu kama sahani. Wewe katikati, Alphonse kwenye usukani, mimi mlangoni na galeti mapajani. Tulipofika kwenye ule mgongo wa mwisho, Alphonse akazima gari, tukashuka, na upepo ukatuvua vitambaa wote wawili.

Nikatazama. Nikaona doa. Nikatazama kwa nguvu zaidi, kama mjinga, na doa likabaki pale pale, kijivu, limekalia vilima vyote. Safari nzima, Delphine, na nilichokuja kukiona ni doa langu mwenyewe.

"Unaona?" ukauliza.

"Hapana."

Ndipo nikakumbuka dirisha la jikoni. Alphonse alikuwa amesimama kushoto, mbali kidogo, akipangusa kioo cha gari. Nikageuka nikamkazia macho yeye, na vilima vikaja. Vyote, Delphine! Vikapanda pembeni mwa jicho langu, vya dhahabu, na kivuli cha wingu kikipanda na kushuka juu yake, na ile mikunjo myeusi ya vichaka ambako moshi wa vibanda vyetu ulikuwa ukitoka. Sikuthubutu kupepesa. Nilimtazama Alphonse kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama marehemu kaka yake siku ya harusi yetu.

Yule mzee akaanza kuhangaika. Akavua kofia, akaivaa. Akajipangusa sharubu. Akaingiza tumbo ndani.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "nilikuwa nikingoja useme kitu."

"Nyamaza usisogee! Wewe ni mti tu, natazama vilima."

Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Alphonse naye akacheka, lakini tumbo hakuliachia. Akasimama pale pale, wima, upepo ukimpiga, mpaka niliposhiba. Alihama mara moja tu, nilipomwambia asogee kulia nione bonde la kisima.

Halafu nyati akatokea chini, mbali, yule yule au nduguye, akitembea peke yake kama mwenye nyika. Nikamtazama. Na pembeni, karibu sana, ukaja uso wako. Sikuwa nimeuona tangu tulipomzika mjomba Norbert, na siku ile nilikuwa nikitazama kaburi. Umezeeka, mdogo wangu. Umefanana na mama mpaka kwenye kidevu. Sikukuambia pale, ungejivuna. Nilisema tu, "Una galeti kwenye shavu."

Ukasema, "Unamtazama nyati."

Nikasema, "Ndiyo."

Septemba 24. Umande umeganda leo. Umeondoka na mtoto wa Halyna asubuhi, na trekta lake, lililochelewa mwezi mzima.

Kabla hujapanda tulimwomba Alphonse aamue ile habari ya zamu. Akafikiri akiwa na supu mbele yake. "Clemence alitembelea nyumba tupu," akasema. "Delphine alitembelea nyumba tupu. Hakuna aliyetembelewa. Zamu zote zimefutwa." Wote wawili tukamzomea, na nikampa siagi.

Lakini hili daftari ni langu, na mwenye daftari ndiye anayeamua. Zamu ni yako. Njoo beri zikiiva, usipige simu. Pita mlango wa nyuma, na uanze kusema ukiwa bado kwenye ngazi ili nikujue kwa sauti, na mbwa ajifanye anabweka. Sukari ni mipira miwili. Na ukiingia usinisimamie mbele. Vuta kiti ukae ubavuni kwangu, nami nitamtazama Alphonse.